Mapitio: Makumbusho ya Sanxingdui, Mahali Ambapo Kazi ya Wanaakiolojia Inaonekana kwa Macho

Kwa yeyote anayepanga kutembelea Makumbusho ya Sanxingdui, yanayohifadhi vitu vilivyochimbwa katika mji wa kale wa zama za bronzi, yaliyoko Guanghan katika mkoa wa Sichuan, takriban kilomita 40 kaskazini mwa jiji la Chengdu, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba aanze na jengo la uhifadhi na ukarabati, kabla hajaingia katika jengo kubwa jipya ambalo wageni karibu wote hulikimbilia. Katika jengo hilo dogo mgeni husimama upande mmoja wa kioo, na upande wa pili wapo mafundi walioinamia vipande vya bronzi vyenye umri wa miaka 3,000 na zaidi, wakivisafisha, wakivipima na kuvitafutia vipande vyenzake. Akishaishuhudia kazi hiyo, kila kitu atakachokikuta baadaye ndani ya makabati ya vioo atakitazama kwa jicho jingine, kwa kuwa atajua ni vichache mno vilivyotoka ardhini vikiwa vizima.

Nayaandika haya nikiwafikiria hasa vijana wetu wanaosoma katika vyuo vya Chengdu, Chongqing na Xi'an, ambao kila wanapouliza habari za mambo ya kale ya China huelekezwa moja kwa moja kwa askari wa udongo wa mfalme Qin Shi Huang. Askari hao wanastahili sifa zao zote. Hata hivyo, mtu anayetaka kuelewa namna wanaakiolojia wanavyochimba, wanavyohifadhi walichokipata na wanavyofikia kauli wanazozitoa kuhusu watu wa zamani, sidhani kama atapata mahali panapomfunulia hatua hizo kwa uwazi na kwa heshima kama Sanxingdui.

Habari zenyewe zilianza mwaka 1929, pale mkulima aliyeitwa Yan Daocheng na jamaa zake walipokuwa wakichimba mfereji karibu na nyumba yao wakakuta shehena ya mawe ya jedi yaliyochongwa. Mwaka 1934, Mmarekani David Crockett Graham, aliyekuwa akisimamia makumbusho ya chuo kikuu kimoja mjini Chengdu, aliongoza uchimbaji wa kwanza wa kitaalamu, nao ukakatishwa mapema kwa sababu eneo hilo halikuwa salama. Miongo ikapita. Mnamo Julai 1986, wafanyakazi wa kiwanda cha matofali waliokuwa wakichota udongo waligonga vitu vya jedi, na hapo ndipo lilipopatikana Shimo Namba 1, shimo ambamo watu wa kale walizika vitu vyao vya thamani vikiwa vimevunjwa na kuchomwa. Mwezi uliofuata, si mbali na hapo, likapatikana Shimo Namba 2. Kutoka katika mashimo hayo mawili vilitolewa vinyago vya bronzi vyenye macho yaliyochomoza, vichwa vya watu vyenye nyuso zilizofunikwa kwa dhahabu, miti ya bronzi, pembe za ndovu na maelfu ya simbi za kauri, yaani makombe madogo ya baharini. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona vitu vya namna hiyo mahali pengine popote nchini China.

Sehemu ya kwanza ya jengo jipya, lililofunguliwa Julai 2023, imetengwa kwa ajili ya kusimulia historia hii ya utafiti, na naisifu kwa sababu haikimbilii kumwonyesha mgeni dhahabu. Inamtaka kwanza aelewe tofauti kati ya uchimbaji wa 1986 na ule ulioanza 2020. Mwaka 1986 wachimbaji walifanya kazi kwa haraka, mchana na usiku, wakiwa na fedha kidogo na bila vifaa vingi, huku wakihofia kwamba vitu vilivyokwisha kufichuliwa vingeharibika au kuibwa. Walifanya walichoweza, na kumbukumbu walizoacha ni za kuaminika. Lakini yapo mambo ambayo njia zao hazikuweza kuyaona, na hilo limesimuliwa bila kuwavunjia heshima.

Mwishoni mwa 2019 na katika miezi ya mwanzo ya 2020, wataalamu wa mkoa wa Sichuan waligundua mashimo mengine 6 katika eneo lilelile, jumla ikawa 8. Safari hii walijenga kwanza banda kubwa la kulifunika eneo zima, kisha ndani yake wakaweka vyumba vya vioo na chuma juu ya mashimo, ambamo halijoto na unyevu wa hewa vilidhibitiwa saa zote. Wachimbaji waliingia wakiwa wamevaa mavazi ya kinga kuanzia kichwani hadi miguuni, ili nywele, jasho na vijidudu vya mwili wa mtu wa leo visichanganyike na udongo uliofungiwa humo tangu zama za Nasaba ya Shang, ukoo wa wafalme wa kale wa China. Hawakukanyaga vitu vilivyomo shimoni. Walilala kifudifudi juu ya majukwaa yaliyoning'inizwa na kushushwa taratibu, wakafanya kazi kwa brashi na vijiti vya mianzi, kwa sababu chuma kingeweza kukwaruza pembe za ndovu zilizolainika kwa maji. Kila kitu kilipewa namba, kikapigwa picha za pande tatu na kuandikiwa mahali pake halisi kabla hakijaguswa, na hata udongo uliokizunguka ulikusanywa kwa sampuli ili ukachunguzwe maabara.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini utaratibu wote huo unahitajika wakati vitu vyenyewe ni vya metali na vimekaa ardhini kwa maelfu ya miaka. Jibu linapatikana kwenye kabati moja ambalo wageni wengi hupita bila kusimama, maana ndani yake hamna kinachong'aa. Humo mnaelezwa habari za hariri. Nguo huoza, na katika ardhi yenye unyevu kama ya Sichuan ilikuwa imeshazoeleka kwamba hakuna nguo ya umri huo itakayopatikana. Lakini hariri ni protini, na protini huacha mabaki hata baada ya uzi kupotea. Kwa kuwa udongo wa mashimo mapya ulikusanywa kwa uangalifu, wataalamu waliweza kuupima kwa mbinu zinazotambua protini ya hariri, wakaikuta. Kisha wakarudi ghalani kuvitazama upya vitu vilivyochimbwa mwaka 1986, wakagundua kwamba baadhi yake vilikuwa vimebeba alama za nguo muda wote huo, zikiwa zimegandamana na kutu ya kijani, bila mtu kuzitambua. Kwangu mimi huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko yote katika makumbusho haya, ingawa kwa macho hauonekani zaidi ya doa lenye mistari myembamba iliyopishana.

Nirudi sasa kwenye jengo la uhifadhi, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Nyuma ya kioo alikuwapo fundi mmoja aliyekuwa akisafisha kipande cha bronzi kisichozidi ukubwa wa kiganja. Alikitazama kwa darubini, akakwangua tabaka la udongo kwa kisu chembamba cha kitabibu, akasimama, akaandika kitu kwenye daftari, akakigeuza kipande na kuanza tena. Udongo aliouondoa hakuupuliza wala kuufuta. Aliukusanya kwa brashi na kuutia kwenye mfuko mdogo wenye lebo. Nilipoondoka kwenda kutazama mambo mengine na kurejea baadaye, bado alikuwa kwenye pembe ileile ya kipande kilekile. Watoto wa shule waliokuwa karibu nami walimwuliza mwalimu wao kwa nini haendi haraka, naye akawaonyesha kibao kilichoeleza kwamba chini ya kutu huweza kuwapo rangi, nyuzi au chembe za dhahabu ambazo zikiondolewa hazirudi.

Katika jengo hilo mgeni hujifunza pia kwamba kutu zote hazilingani. Ipo kutu tulivu ya kijani ambayo imeshakuwa kama ngozi ya kitu, na hiyo huachwa, kwa kuwa huihifadhi metali iliyo chini yake. Ipo nyingine, ya ungaunga, inayotokana na chumvi za kloridi, ambayo huendelea kuila bronzi hata baada ya kitu kutolewa ardhini ikiwa hewa ina unyevu. Hiyo hutibiwa, na kitu huhifadhiwa mahali pakavu. Kabla ya kuunganisha vipande, mafundi hupiga eksirei ili waone nyufa za ndani na sehemu ambazo mafundi wa kale walikuwa wameziunganisha wakati wa kusubu. Bronzi iliyopindwa kwa moto haiwezi kunyooshwa kwa nguvu, maana imekwisha kuwa kavu na huvunjika; inarudishwa umbo lake kidogo kidogo, na mara nyingine uamuzi wa busara ni kuiacha ilivyo.

Pembe za ndovu ni suala zito zaidi. Shimo Namba 3 pekee lilikuwa na pembe zaidi ya 100, zikiwa zimelazwa juu ya vitu vya bronzi kana kwamba ziliwekwa ili kuvifunika. Pembe iliyokaa kwenye udongo wenye maji kwa muda huo wote hupoteza sehemu kubwa ya kile kinachoishikamanisha, na maji ndiyo yanayoibakizia umbo. Ikiachwa ikauke kwa kasi, hupasuka na kumenyeka tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo wachimbaji waliilowesha mara kwa mara, wakaifunika kwa karatasi ya plastiki, kisha wakaizungushia bandeji za hospitalini zinazokauka na kuwa ngumu, zile anazofungwa mtu aliyevunjika mguu. Zilipokaza, pembe ikainuliwa ikiwa ndani ya gamba hilo na kupelekwa kwenye chumba baridi. Nimeona katika maandishi kadhaa ya watalii malalamiko kwamba pembe halisi zinazoonyeshwa ni chache. Baada ya kuona jinsi zinavyohifadhiwa, naona uamuzi wa kuziweka gizani na baridini ni wa haki kabisa, na picha zilizopo zinatosha.

Baada ya hapo ndipo mtu anapoweza kuingia kwenye kumbi kubwa akiwa amejiandaa. Jengo jipya limefanywa mfano wa vilima vitatu vilivyofunikwa kwa majani, na ndani yake zinaonyeshwa kazi zaidi ya 1,500, mamia kati yake zikiwa hazijawahi kutolewa hadharani kabla ya kufunguliwa kwake. Taa ni hafifu kiasi, jambo linalofaa kwa uhifadhi, na zimeelekezwa kwa namna ambayo nyuso za bronzi zinatokeza polepole kadiri mtu anavyosogea.

Mti wa bronzi unaojulikana kama Mti Namba 1 una urefu wa mita 3.96, na bado kilele chake hakijapatikana. Una ngazi tatu za matawi, matawi tisa kwa jumla, kila tawi likiwa na ndege, na pembeni anateremka mnyama mwenye mwili mrefu anayefanana na joka. Ulipotolewa Shimo Namba 2 ulikuwa mamia ya vipande vilivyochanganyika na vya vitu vingine, na kuusimamisha kulichukua takriban miaka 10 ya kazi ya mikono. Ukiutazama kwa karibu, utaona wazi sehemu ambazo mafundi waliziongeza ili kuziba mapengo, kwa kuwa hazikufichwa. Ningependa kila makumbusho duniani yawe na uaminifu huo.

Sanamu ya mtu aliyesimama ina urefu wa mita 2.6 pamoja na kitako chake. Mikono yake ni mikubwa kupita kiasi na imekunjwa kuwa duara mbili ambazo hazikai kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kitu alichokishika, kama kilikuwapo, hakikuwa fimbo iliyonyooka. Wako wanaosema alishika pembe ya ndovu iliyopinda, wengine nyoka, na wengine wanaamini kwamba ishara ya mikono yenyewe ndiyo iliyokuwa na maana na hakuna alichoshika. Mbele kidogo kipo kinyago chenye upana wa sentimita 138, masikio yaliyotandazwa kama mabawa na mboni zinazochomoza sentimita 16. Baadhi ya wanahistoria wamekihusisha na Cancong, mfalme wa kwanza wa Shu, ufalme wa kale wa Sichuan, ambaye maandishi ya karne nyingi baadaye yanamtaja kuwa na macho yaliyotokeza. Ni dhana yenye mvuto. Lakini kati ya kinyago na maandishi hayo umepita muda mrefu mno, na huko Sanxingdui kwenyewe hakujapatikana maandishi yoyote, hata jina moja lililochorwa kwenye chombo.

Ukosefu huo wa maandishi ndio unaoifanya Sanxingdui kuwa shule nzuri ya akiolojia. Kule Anyang, katika mji mkuu wa mwisho wa Shang, wataalamu wana mifupa ya kupigia ramli yenye majina ya wafalme na maswali waliyowauliza mababu zao. Hapa hakuna neno la kuwasaidia, kwa hiyo kila kauli inapaswa kujengwa kwa udongo, metali, mkaa na mpangilio wa vitu shimoni. Umri, kwa mfano, ulikuwa ukibishaniwa tangu 1986. Mkaa wa mianzi kutoka Shimo Namba 4 ulipopimwa kwa kaboni 14, kipimo kinachokadiria umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai, ulitoa kipindi cha kati ya 1131 na 1012 KK kwa uwezekano wa takriban asilimia 95, yaani miaka ya mwisho ya Shang na mwanzo wa Zhou. Sanxingdui kama mji, pamoja na kuta zake, ilikuwapo karne nyingi kabla ya hapo. Tarehe hiyo inahusu kuzikwa kwa vitu, na maelezo yaliyo ukutani yanaitenganisha hoja hiyo vizuri.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa sanamu iliyounganishwa kutoka katika mashimo tofauti. Mwaka 1986, Shimo Namba 2 lilitoa nusu ya chini ya mwili wa kiumbe mwenye miguu ya ndege, naye akaonyeshwa kwa zaidi ya miaka 30 bila kiwiliwili. Mwaka 2022, Shimo Namba 8 likatoa kiumbe aliyejikunja, mikono chini na mwili ukiwa umeinuliwa juu, amebeba chombo kichwani. Wataalamu walilinganisha mahali vilipovunjikia, kwanza kwa picha za pande tatu kwenye kompyuta, kisha vipande vyenyewe, vikashikana. Maana yake inazidi furaha ya kuona sanamu ikikamilika. Ikiwa kitu kimoja kilivunjwa na vipande vyake vikatupwa katika mashimo mawili, basi mashimo hayo yalijazwa katika kipindi kimoja, na haiwezekani tena kuyaeleza kama mabaki ya ibada zilizopishana kwa vizazi vingi. Kuungana kwa vipande viwili vya bronzi kumefanya hivyo kazi ambayo kaboni 14 peke yake isingeweza kuifanya kwa usahihi huo.

Kwa nini vilivunjwa na kuchomwa? Wapo wanaosema ni kafara, wapo wanaosema hekalu liliungua au liliangushwa katika mgogoro wa ndani na vitu vyake vikazikwa kwa heshima. Makumbusho yanayataja mawazo haya bila kumlazimisha mgeni achague, na kwa hilo nayapa alama za juu. Nayasifu vilevile kwa kuzima taratibu ule uvumi ulioenea mitandaoni kwamba vinyago hivi ni kazi ya viumbe kutoka sayari nyingine. Vyombo vya zun, yaani vyombo vya bronzi vya kuwekea pombe, vilivyomo humo vimefuata mtindo wa Shang. Mawe ya jedi yenye umbo la bomba la pembe nne yanarithi desturi iliyoanzia utamaduni wa Liangzhu, karibu na mdomo wa Mto Yangtze. Na vipimo vya isotopu za risasi iliyomo kwenye bronzi, yaani aina tofauti za atomi zake zinazoashiria madini yalikotoka, vinaonyesha madini yenye sifa adimu zilezile zinazopatikana katika bronzi za Shang. Watu wa Sanxingdui walikuwa na majirani, walibadilishana nao bidhaa na ujuzi, kisha wakatengeneza kitu kilicho chao. Hata simbi za kauri zinasema hivyo, maana Sichuan iko mbali sana na bahari, na simbi za aina hiyo huishi katika maji ya joto ya bahari za kusini.

Uko uhusiano wa kweli na kwetu unaofaa kutajwa, ingawa ni wa zama tofauti. Chuo Kikuu cha Peking, ambacho wataalamu wake walichimba Shimo Namba 8, ndicho kilichoshirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya katika uchimbaji wa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ambako mwaka 2010 ilipatikana sarafu ya enzi ya mfalme Yongle wa Nasaba ya Ming. Sarafu ya aina hiyo ilipatikana pia kisiwani Manda mwaka 2013, katika utafiti ulioongozwa na Profesa Chapurukha Kusimba. Mwanafunzi wa akiolojia kutoka Nairobi au Dar es Salaam atakayeona vyumba vya vioo vya Sanxingdui huenda akakata tamaa akifikiria bajeti za idara zetu. Namsihi aangalie kwa makini, kwa kuwa mengi ya msingi aliyoyaona hayahitaji fedha nyingi: kuandika mahali pa kila kitu kabla ya kukigusa, kuhifadhi sampuli za udongo hata kama leo hakuna mashine ya kuzipima, na kurudi ghalani kuvitazama upya vitu vilivyochimbwa na waliotangulia. Magofu ya Kilwa na Gede yalichimbwa kabla mbinu nyingi za leo hazijavumbuliwa, na ghala zetu zinastahili jicho hilo la pili.

Sasa niseme kidogo kuhusu utaratibu wa ziara. Njia rahisi ni treni ya mwendokasi kutoka Chengdu hadi Guanghan, kisha teksi au basi. Tiketi hukatwa mapema mtandaoni kwa jina halisi, na mgeni hutumia namba ya pasipoti yake, ambayo ni lazima aje nayo. Bei ya kawaida ni yuan 72. Maelezo mengi yameandikwa kwa Kichina na Kiingereza. Katika likizo za shule na wiki ya sikukuu ya taifa mwezi Oktoba watu huwa wengi kiasi kwamba kusimama mbele ya mti wa bronzi kwa utulivu ni jambo gumu, kwa hiyo mwenye nafasi achague siku ya katikati ya wiki na aingie mara tu milango inapofunguliwa.

Jambo la kuepuka ni safari za kundi za haraka. Kampuni moja ya utalii iliyonipeleka kwa mara ya kwanza ilituahidi ziara kamili, lakini tulipofika kiongozi akatupitisha kwenye sanamu tatu maarufu, akasimulia hadithi za viumbe wa anga kwa kipaza sauti, akatupeleka dukani na kuturudisha kwenye basi bila hata kututajia jengo la uhifadhi. Ilinibidi nirudi kwa gharama yangu. Makumbusho haya yanahitaji siku nzima. Mwenye nusu siku tu aiache sehemu inayohusu maisha ya mjini, yenye vyungu na zana za mawe, ambayo ni nzuri lakini inafanana na nyingine nyingi, na muda wake augawe kati ya historia ya utafiti, kumbi za bronzi na dhahabu, na vioo vya mafundi.

Kati ya kazi za dhahabu, asikose kinyago cha nusu uso kilichotoka Shimo Namba 5. Uzito wake ni takriban gramu 280, na dhahabu yake, iliyochanganywa na fedha, ni nene kiasi cha kusimama bila kuegemezwa. Wakati wa kutolewa ardhini kilikuwa kimekunjamana hata ilikuwa vigumu kukitambua. Kilinganishwe na vinyago vyembamba vya dhahabu vilivyobandikwa juu ya vichwa vya bronzi, na tofauti ya unene itamwonyesha mgeni kwa nini wataalamu bado wanajadiliana kama hiki kilibandikwa juu ya kitu kingine au kilisimama peke yake.

Anayebaki na siku ya ziada aende Makumbusho ya Eneo la Jinsha, ndani ya Chengdu kwenyewe. Eneo hilo liligunduliwa mwaka 2001 wakati wa ujenzi, na wengi wanaliona kuwa kituo kilichochukua nafasi ya Sanxingdui baada ya mashimo yale kufunikwa. Huko banda limejengwa juu ya machimbo yenyewe, na mgeni hutembea kwenye vijia vya mbao juu ya mashimo yaliyoachwa wazi, huku pembe za ndovu na matabaka ya udongo yakionekana mahali yalipokutwa. Duara la dhahabu lenye ndege wanne wanaolizunguka jua, ambalo tangu 2005 ni alama rasmi ya urithi wa utamaduni wa China, liko hapo. Upana wake ni sentimita 12.5 na uzito wake gramu 20 tu. Ningeshauri Sanxingdui itangulie na Jinsha ifuate, kwa sababu mtu aliyekwisha kuwaona mafundi nyuma ya kioo ataweza kusoma mashimo ya Jinsha mwenyewe: atatofautisha udongo wa kujazia na udongo wa asili kwa rangi, atatambua tabaka lililotangulia na lililofuata, na ataona ni wapi wachimbaji waliamua kusimama na kuacha sehemu bila kuchimbwa ili watakaokuja na mbinu bora zaidi wapate pa kuanzia.